Uzi maalumu: Rekodi za wapuliza saksafoni wa jazi, na bendi zilizowabeba

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mijadala mingi ya saksafoni huishia palepale: Coltrane au Rollins? Parker au Cannonball? Tunashindanisha wapulizaji utadhani kila mmoja aliingia studio peke yake akafunga mlango. Msimamo wangu ni kwamba rekodi kubwa ya saksafoni hutengenezwa nusu nzima na watu waliokaa nyuma ya mpulizaji, na ukiwaondoa hao kinachobaki si kile tunachokipenda.

Chukueni mwisho wa mwaka 1964. Tarehe 30 Novemba Joe Henderson aliingia studio ya Rudy Van Gelder kule Englewood Cliffs, New Jersey, akarekodi Inner Urge. Tarehe 9 Desemba, studio hiyohiyo, John Coltrane na wenzake watatu wakarekodi A Love Supreme. Tarehe 24 Desemba Wayne Shorter akarekodi Speak No Evil humohumo. Wapuliza teno (saksafoni yenye sauti ya chini kuliko alto) watatu, albamu tatu za kuzikwa nazo, na aliyekaa kwenye dramu mara zote tatu ni mtu mmoja: Elvin Jones. Kwenye mbili za kwanza hata piano ni ya mtu yuleyule, McCoy Tyner.

Sikilizeni anavyobadilika. Kwa Henderson, Elvin anamsukuma mgongoni, kila sentensi ya teno inajibiwa na simbali au ngoma ndogo kabla haijamalizika. Kwa Coltrane mdundo unakuja kama mawimbi, huwezi kuonyesha kwa kidole pigo la kwanza liko wapi, lakini mwili unalijua. Kwa Shorter amejizuia. Kwenye Infant Eyes, wimbo ambao Shorter alimtungia binti yake, anatembea polepole nyuma ya teno na kumwachia nafasi yote.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: ukitaja rekodi unayoipenda, mtaje na aliyekuwa nyuma, na useme alifanya nini. Karibuni.

#2

Mkuu, nakupinga kidogo. Kuna rekodi ambazo bendi ipo kwa ajili ya kushikilia ukuta tu. Coleman Hawkins, Body and Soul, 11 Oktoba 1939. Alikuwa amerudi Marekani mwaka huohuo baada ya miaka kama mitano Ulaya. Anapiga mizunguko miwili ya wimbo, dakika tatu hivi, basi. Melodi ambayo kila mtu aliijua anaigusa mwanzoni tu, halafu anaiacha na hairudii tena. Kinachofuata chote ni chake, amekijenga juu ya kodi za wimbo (noti zinazopigwa pamoja kushikilia melodi), ngazi kwa ngazi, sauti inazidi kunenepa mpaka mwisho.

Bendi inafanya nini pale? Inashikilia noti ndefu taratibu. Ungeweka bendi nyingine yoyote inayojua kazi, Hawkins angetoa kitu kilekile. Na rekodi hiyo ndiyo iliyowafundisha wapuliza teno wa kizazi kizima kwamba chombo chao kinaweza kusimama mbele. Kabla ya Hawkins teno ilikuwa chombo cha pembeni. Yeye peke yake aliisogeza.

#3

#2 umesema vizuri, ila umetupa nusu ya hadithi. Nusu ya pili ni Lester Young, naye mpuliza teno, na Lester bila wanamuziki wa Kansas City hayupo.

Tafuta Lady Be Good ya mwaka 1936, kikundi kinaitwa Jones-Smith Incorporated. Jina hilo lilitumika kwa sababu Count Basie alikuwa ameshafungwa na mkataba wa kampuni nyingine, jina lake halikuweza kuwekwa kwenye sahani. Lakini ni yeye kwenye piano, Walter Page kwenye besi, Jo Jones kwenye dramu. Lester ana miaka 27 na hii ni mara yake ya kwanza kurekodi.

Sasa msikilize Page. Besi inatembea noti nne kwa kila kipimo, sawasawa, hakuna kigugumizi. Jo Jones amehamisha mdundo kutoka kwenye ngoma kubwa ya mguuni kwenda kwenye simbali mbili za kufumba na kufumbua, kwa hiyo chini pako wepesi, hewa inapita. Basie anatia noti mbili tatu halafu ananyamaza. Juu ya sakafu kama hiyo Lester anaweza kupiga nyuma ya mdundo, kurudia noti moja kwa vidole tofauti, kuacha nafasi tupu kisha akaingia mahali usipomtegemea. Hawkins alikuwa anazijaza kodi. Lester alikuwa anazielea. Kuelea kunahitaji maji, na maji yalikuwa ni Page na Jo Jones.

#4

Hank Mobley, Soul Station, 7 Februari 1960. Wynton Kelly piano, Paul Chambers besi, Art Blakey dramu. Sina maneno mengi. Blakey, mtu wa radi na ngurumo, siku ile alipiga kwa adabu ambayo sijaisikia kwake mahali pengine. Anza na This I Dig of You.

#5

Shikamooni wakuu. Mimi ni mgeni wa muziki huu, ninachokijua ni Take Five tu kwa sababu kila mtu anaijua. Nawasoma naona majina yananipita. Mtu kama mimi aanzie wapi?

#6 (mwanzisha uzi)

Marahaba mdogo wangu, karibu sana. Umeshaanza, na umeanza pazuri. Take Five imo kwenye Time Out ya Dave Brubeck, 1959. Anayepuliza alto ni Paul Desmond, na ndiye aliyeutunga wimbo wenyewe. Safari hii usimfuate Desmond. Fuata piano ya Brubeck, inavyorudia kipande kilekile cha mapigo matano tangu mwanzo karibu hadi mwisho, halafu msikilize Joe Morello kwenye dramu anavyocheza juu ya kipande hicho katikati ya wimbo. Brubeck anakubali kuwa mlinzi wa mlango ili wenzake wawili wawe huru. Desmond alipofariki mwaka 1977 mapato yake ya wimbo huo aliyaachia Msalaba Mwekundu wa Marekani.

Baada ya hapo nenda kwa Sonny Rollins, Saxophone Colossus, 22 Juni 1956. Nyimbo tano tu. Tommy Flanagan piano, Doug Watkins besi, Max Roach dramu. Utaanza na St. Thomas, ambayo utaipenda mara moja, ni melodi ya Karibi aliyokulia nayo kwa upande wa mama yake. Ila mzigo uko mwishoni, Blue 7. Inafunguliwa na besi peke yake. Rollins anaingia na wazo dogo, noti chache, na kwa dakika kumi na moja hivi analigeuza, analikata, analirudisha likiwa limechakaa kidogo. Katikati Roach anapiga solo ndefu ya dramu, na ukisikiliza kwa utulivu utaona naye anashika wazo moja dogo na kulifanyia kazi ileile. Wanaongea lugha moja.

Tatu, usiku ukitaka kitu cha kutuliza: John Coltrane and Johnny Hartman, 7 Machi 1963. Nyimbo sita, zote za polepole, Hartman anaimba kwa sauti nzito ya chini. Siku moja kabla yake, tarehe 6 Machi, bendi hiyohiyo ilikuwa studio hiyohiyo ikipiga mambo makali, na mkanda wa siku ile haukutoka hadi mwaka 2018 kwa jina la Both Directions at Once. Zisikilize zote mbili mfululizo. Watu walewale wanne, siku mbili zinazofuatana: jana moto, leo hakuna anayenyanyua sauti juu ya mwimbaji.

#7

Mimi nawaletea ya jukwaani. Newport, 7 Julai 1956, orkestra ya Duke Ellington. Wakati ule watu wengi walishaanza kuiona bendi ya Duke kama jambo la zamani. Usiku umekwenda sana, baadhi ya watu wanaelekea kwenye magari. Duke anaita wimbo wake wa mwaka 1937, Diminuendo and Crescendo in Blue, ambao una sehemu mbili, na katikati anampa Paul Gonsalves nafasi ya kupuliza bluzi kwa kadiri atakavyo.

Gonsalves alipiga mizunguko 27.

Nyuma yake Duke anapiga piano kwa kuchokoza, halafu anaiacha. Jimmy Woode kwenye besi na Sam Woodyard kwenye dramu hawapandishi mwendo hata kidogo, wameukaza palepale, na ndiyo siri yenyewe. Jo Jones, huyuhuyu aliyetajwa na #3, alikuwa pembeni ya jukwaa akipiga mbao kwa gazeti lililokunjwa huku akiwapigia kelele za kuwatia moyo. Mwanamke mmoja mwenye gauni jeusi akainuka akaanza kucheza, na uwanja mzima ukainuka. Unazisikia kelele za watu zikipanda mzunguko baada ya mzunguko.

Tahadhari kwa anayetafuta: kwenye toleo la 1956 Gonsalves anasikika yuko mbali. Alipuliza kwenye maikrofoni ya redio ya Sauti ya Amerika badala ya ile ya kampuni ya rekodi. Mkanda wa redio ulipopatikana, toleo la 1999 liliunganisha mikanda yote miwili, na sasa yuko mbele yako. Toleo hilohilo lilithibitisha pia kwamba sehemu kubwa ya nyimbo nyingine za albamu ya kwanza ilipigwa upya studioni na kuongezewa makofi. Solo ya Gonsalves ni ya usiku ule kweli.

#8

Wakuu, naomba mnisaidie kwa Ornette Coleman. Nimejaribu The Shape of Jazz to Come na naona kila mtu anakwenda njia yake. Kama hoja ya uzi ni bendi, pale bendi iko wapi?

#9 (mwanzisha uzi)

Swali zuri, na nitakuomba usikilize wimbo mmoja tu, Lonely Woman, na uusikilize kwa kuanzia chini kwenda juu. Ilirekodiwa Mei 1959.

Kwanza besi. Charlie Haden anaanza peke yake, nyuzi mbili kwa pamoja, kama mtu anayevuma bila kufungua mdomo. Mara moja Billy Higgins anaingia na simbali kwa kasi, mwendo wa mbio kabisa. Halafu alto ya Ornette na tarumbeta ndogo ya Don Cherry wanaleta melodi, na melodi inakwenda polepole, nzito, ya huzuni. Kuna mbio na kuna polepole kwa wakati mmoja, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Unachokisikia kama kila mtu na njia yake ni makubaliano. Hakuna piano ya kuwapangia kodi, kwa hiyo Haden lazima asikilize kila noti ya Ornette na kuamua papo hapo chini yake aweke nini. Mpiga besi wa bendi ya kawaida anajua kipimo kinachofuata kina kodi gani. Haden hajui. Ndiyo maana naamini hakuna bendi iliyosikilizana kwa makini zaidi ya ile.

Kisha rudia kwa kumfuata Haden mwanzo hadi mwisho. Naamini utaisikia tofauti.

#10

Mbona Afrika Kusini hamuitaji? Winston Mankunku Ngozi, Yakhal' Inkomo, 1968. Lionel Pillay piano, Agrippa Magwaza besi, Early Mabuza dramu. Nyimbo nne tu. Mbili ni za Mankunku mwenyewe, na moja kati ya hizo ni shukrani kwa Coltrane na Wayne Shorter, wameandikwa kwenye jina la wimbo. Nyingine mbili ni za Horace Silver na Coltrane. Ukimaliza A Love Supreme weka hii, utaona mtu aliyemsoma Coltrane vizuri na akabaki na sauti yake. Wimbo wa kwanza umebeba mlio wa fahali, na teno inalia hivyo kweli, ndani ya miaka ambayo mwanamuziki mweusi pale alihitaji kibali hata cha kuwa mjini.

Halafu Mannenberg ya Abdullah Ibrahim, 1974, Cape Town. Piano inarudia duara moja, besi na dramu hawana haraka, na Basil Coetzee anapuliza teno juu yake kama anayesimulia jirani zake mambo ya siku nzima. Solo ile ilimganda hadi jina: tangu hapo aliitwa Basil "Manenberg" Coetzee. Robbie Jansen naye yumo kwenye alto. Wimbo ulikuja kuwa kama wimbo wa taifa wa waliokuwa wanapinga ubaguzi.

#11

#10 umenigusa. Kwa anayependa hapo, arudi nyuma hadi Jazz Epistle Verse 1 ya mwaka 1960, Kippie Moeketsi kwenye alto, na Hugh Masekela, Jonas Gwangwa na Abdullah Ibrahim wakiwa vijana, enzi hizo Ibrahim akiitwa Dollar Brand. Moeketsi alikuwa mwalimu wao, na inasikika.

#12

Nadhani mfano unaoshika zaidi hoja ya mwanzisha uzi ni Art Pepper Meets the Rhythm Section, 19 Januari 1957. Jina lenyewe linakiri: mpuliza alto wa Los Angeles amekutana na wapiga mdundo wa mpiga tarumbeta Miles Davis waliokuwa wakipita mjini. Red Garland piano, Paul Chambers besi, Philly Joe Jones dramu. Pepper mwenyewe alisimulia kwamba aliambiwa asubuhi ileile, na kwamba hakuwa amegusa alto kwa miezi. Kumbukumbu za studio zinasema vingine, albamu yake Modern Art ilirekodiwa Desemba 1956 na Januari 1957. Lakini woga unaousikia kwenye albamu ni wa kweli. Mtu anaingia kwenye chumba cha watu watatu waliozoeana kwa usiku mwingi wa kazi, na inabidi awafikie. Sikiliza Philly Joe kwenye Straight Life, haoni huruma hata kidogo, na Pepper anafika.

#13

Ndugu #12 umeniwahi. Nami naongeza Dexter Gordon, Go!, 27 Agosti 1962. Sonny Clark piano, Butch Warren besi, na Billy Higgins, yuleyule wa Ornette. Hapa Higgins ni mtu mwingine kabisa, anatabasamu kwenye kila simbali. Dexter anapuliza nyuma ya mdundo kiasi kwamba mpiga dramu asiyejiamini angepunguza mwendo kumsubiri. Higgins hamsubiri. Nafasi iliyopo kati yao ndiyo raha yenyewe ya albamu.

#14

Nanyi wa miaka hii mmesahaulika? Kamasi Washington, The Epic, 2015. Karibu saa tatu za muziki, wapiga dramu wawili, wapiga besi wawili, kwaya na ala za nyuzi. Wengi kwenye bendi ni marafiki zake wa tangu ujana kule Los Angeles. Na Sons of Kemet wa Shabaka Hutchings, Your Queen Is a Reptile, 2018: teno, tuba, wapiga dramu wawili, basi. Tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, inafanya kazi ya besi. Ukisikiliza kwa spika nzuri utahisi upepo wa tuba kifuani.

#15 (mwanzisha uzi)

Nashukuru wote. Ngoja nimjibu #2 kwa sababu hoja yake ina uzito na sijaigusa.

Kama unataka kupima nguvu ya mpulizaji peke yake, njia nzuri ni kumnyang'anya piano. Rollins alifanya hivyo kwa hiari yake. Way Out West, Machi 1957, Ray Brown besi na Shelly Manne dramu. Kisha A Night at the Village Vanguard, 3 Novemba 1957, seti za usiku Wilbur Ware kwenye besi na, ndiyo, Elvin Jones kwenye dramu. Hakuna wa kumpa kodi, hakuna wa kumfichia anapovuta pumzi. Ungetegemea sasa Rollins atasimama peke yake kama Hawkins. Kinachotokea ni kinyume. Kadiri watu wanavyopungua ndivyo kila aliyebaki anavyozidi kuwa na kazi. Ware anaacha mashimo makubwa, noti chache nene, na Rollins anaingia kwenye mashimo hayo. Elvin anachanganya mapigo matatu juu ya manne, na Rollins anamjibu kwa mdundo badala ya melodi. Kwenye Softly, as in a Morning Sunrise wanakuwa watu watatu wanaobishana kwa heshima.

Miaka minne baadaye, Novemba 1961, klabu ileile, Coltrane anarekodi Chasin' the Trane. Tyner amenyamaza. Bluzi moja, dakika karibu kumi na sita, teno na besi na Elvin. Coltrane anarudia kipande kifupi, anakipasua, anapiga kelele za juu kisha za chini kama watu wawili wanaulizana. Kila anapopasua, Elvin anakuwa ameshafika. Mtu akiniambia Coltrane angepiga vile mbele ya mpiga dramu mwingine yeyote, nitamwomba anionyeshe rekodi.

Kwa Hawkins nakubali: bendi ilikaa kimya. Lakini hata kukaa kimya ni uamuzi. Wapulizaji wenzake mle wangeweza kuingia na vibwagizo vya hapa na pale, kama bendi nyingi za wakati ule. Waliziweka zile noti ndefu wakamwachia uwanja, na dakika tatu zikatosha.

#16

Sawa mkuu, hapo kwa Hawkins tumekutana katikati. Ila kwenye orodha nzima hakuna aliyemtaja Ben Webster, na hilo siliachi lipite. Gerry Mulligan Meets Ben Webster, 1959, wimbo wa kwanza, Chelsea Bridge. Jimmy Rowles piano, Leroy Vinnegar besi, Mel Lewis dramu. Webster akimaliza noti, hewa inaendelea kutoka kwenye saksafoni baada ya sauti kuisha, pumzi tupu, fuuu. Saksafoni ya baritoni ya Mulligan haiingii mpaka pumzi ile iishe.

#17

Wakuu, mimi wa #5. Nimesikiliza Saxophone Colossus. Blue 7 nimeirudia, na ile solo ya dramu nimeielewa, kweli anarudia wazo lake kama Rollins. Sasa swali: huyo Max Roach ana albamu zake mwenyewe?

#18 (mwanzisha uzi)

Anazo, na ni nzito. Anza na We Insist! ya mwaka 1960. Abbey Lincoln anaimba, na Coleman Hawkins wa #2 yumo, kwenye Driva' Man, anapuliza teno akiwa na umri wa miaka 55. Ukimaliza njoo utuambie umesikia nini kwenye dramu.